Aliyevunja Nyumba kwa Bunduki: Je, Kunyongwa Kutatosha?

Hakuna habari iletayo mabishano makali barazani, katika bwalo la askari na jikoni kwa akina mama kama habari ya majambazi waliovamia nyumba ya mtu usiku wakiwa na bunduki. Mara isomwapo habari hiyo, yupo atakayesema wanyongwe. Yupo atakayesema kutoa roho ya mtu ni kazi ya Mungu peke yake. Na yupo, mara nyingi ni mtu mzima aliyekaa kimya mpaka hapo, atakayeuliza swali ambalo wengine hulipita: hiyo bunduki waliipata wapi?

Ndugu msomaji, swali hilo la tatu lastahili uzito uleule wa yale mawili ya kwanza. Nami nimeona yafaa kulitazama mahali ambapo watu wasemao Kiswahili wamepata kuishi na bunduki kwa namna ambayo wengi wetu, Mungu apishie mbali, hatukuijua. Mahali penyewe ni kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, pamoja na mji mkuu wa jirani zetu hao, Lilongwe.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 40 hivi kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994 na ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo imebeba zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ukipita sokoni waweza kudhani umeshukia Uvira au Kigoma: sombe inatwangwa, dagaa wamemwagwa juu ya magunia, na bei zatajwa kwa Kiswahili, ingawa pesa inayobadilishana mikono ni kwacha. Kambi ina hata redio yake, iitwayo Yetu.

Lakini kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza. Katika utawala wa Dk. Hastings Kamuzu Banda watu waliokosana na serikali walipelekwa pale kufanyishwa kazi ngumu, na jina lenyewe, kwa Kichewa, lachukua maana ya mtu anayeungama kwamba ameacha, hatarudia tena. Jambo hili nalitaja mapema kwa sababu lina uhusiano na habari yetu. Gereza kali lilijengwa ili watu waungame, na wengi wa walioungamishwa hawakuwa wameiba hata kuku.

Katika kuzungumza na wakazi wa kambi hiyo niliona kwamba hawana kauli moja. Mama mmoja wa makamo, mjane, aliyekimbia kutoka upande wa Fizi, hakutaka hata kusikia neno huruma. Yeye alisema kwamba mtu aliyeingia nyumbani kwa mwenzake na bunduki amekwisha kuamua kuua, hata kama hakufyatua, maana hakuna aendaye na bunduki kuomba chumvi. "Baba, wewe unaniuliza kama wanyongwe," aliniambia, "mimi nakuuliza, wangu aliyeuawa alipewa wakili?" Swali kama hilo halijibiwi haraka haraka, na mwandishi mwenye adabu hunyamaza kidogo.

Mzee mmoja Mrundi aliyekaa karibu naye, na ambaye kwa umri alikuwa amekwisha kuziona fitina nyingi za nchi yake, alimwita dada kwa upole kisha akapingana naye. Hoja yake ilikuwa kwamba katika maisha yake ameona watu wengi wakiuawa kwa hukumu, wengine kwa karatasi yenye mhuri na wengine kwa neno la umati tu, na mara nyingi aliyeuawa alikuwa ni yule aliyekuwa karibu, si yule aliyefanya. Alikumbusha jinsi ilivyokuwa Bujumbura wakati wa vita, guruneti likipatikana kwa bei ya kinywaji. Kwa hali kama ile, alisema, waweza kunyonga kila Jumatatu na Jumanne ukaanza upya, maana chombo cha kuulia kingali sokoni.

Wa tatu alikuwa kijana. Huyu alikuwa na duka dogo Lilongwe mpaka mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipoagiza wakimbizi wote waishio mijini warejee Dzaleka, nayo amri hiyo ikatekelezwa kuanzia Mei kwa misako, hata watoto wakapitia mahabusu. Usalama wa taifa ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Kijana huyu hakubishana na haki ya nchi kulinda mipaka yake. Lililomchoma ni kwamba kila ujambazi ulipotokea mtaani kwao, macho ya kwanza yaligeukia duka lake. Naye alikuwa mtu wa kwanza kutamani bunduki zisakwe, maana duka lake halikuwa na hata mlango wa chuma.

Ni kweli kwamba bunduki zilizowahi kuitia Lilongwe hofu zilitoka ng'ambo? Baadhi, ndiyo. Vita vya Msumbiji, vilivyomalizika kwa mapatano ya Oktoba 1992, viliacha silaha zimezikwa na kufichwa vichakani, na mpaka wa Malawi na Msumbiji ni mrefu, watu wa pande zote mbili ni wa ukoo mmoja. Lakini fungu jingine lilitoka ndani, tena katika mikono iliyokuwa ya serikali. Hapo ndipo askari msomaji wa ukurasa huu anapopaswa kutega sikio.

Mwaka 1963 Malawi ilianzisha kikosi cha vijana wa maendeleo, Malawi Young Pioneers, kilichofundishwa kilimo na ujenzi wa taifa. Miaka ilivyokwenda vijana hao walipewa silaha, wakawa jeshi la chama, lisilowajibika kwa jeshi la nchi wala kwa polisi. Baada ya kura ya maoni ya Juni 1993 wananchi walipochagua mfumo wa vyama vingi, kikosi hicho kilibaki na bunduki zake kama mtu aliyebaki na ufunguo wa nyumba aliyokwisha kuihama. Mwanzoni mwa Desemba mwaka huo ugomvi ulitokea Mzuzu, katika baa, na askari wa jeshi wakapigwa risasi na kufa. Jeshi likaondoka kambini likavamia vituo vya vijana hao, Lilongwe na kwingineko, na kuwapokonya silaha. Operesheni hiyo iliitwa Bwezani, yaani rudisheni.

Zilirudishwa nyingi, lakini si zote. Baadhi ya vijana walivuka mpaka na bunduki zao kuingia Msumbiji, na katika miaka iliyofuata ujambazi wa kutumia silaha mijini mwa Malawi ulihusishwa sana na silaha zile zilizopotea. Ndugu zangu, mkimbizi wa Dzaleka hakuwamo katika jambo hilo. Kambi yake ilikuwa haijafunguliwa. Bunduki iliyopotea ilikuwa ya chama kilichotawala, na iliwezekana kupotea kwa sababu hapakuwa na daftari moja la taifa ambalo mtu angeweza kulifungua na kuuliza namba fulani iko kwa nani.

Tugeukie sasa adhabu. Wasemao kwamba sheria kali haijawahi kujaribiwa Malawi hawana habari ya Chilobwe. Hicho ni kitongoji cha Blantyre ambako, mwishoni mwa miaka ya 1960, watu waliuawa usiku majumbani mwao kwa namna ya kutisha, na jiji zima likawa halilali. Watuhumiwa walipofikishwa mbele ya Mahakama Kuu mwaka 1969, waliachiliwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Hasira ya wananchi ilikuwa ya kweli, na yeyote aliyepata kukaa macho usiku akisikiliza mlango wake hawezi kuwalaumu. Bunge lilijibu hasira hiyo kwa kuzipa mahakama za jadi uwezo wa kusikiliza kesi za mauaji na kutoa hukumu ya kifo. Mbele ya mahakama hizo mshtakiwa hakuwa na wakili, na kanuni za ushahidi zilizozoeleka hazikumkinga. Majaji wa kigeni wa Mahakama Kuu, akiwamo Jaji Mkuu, walijiuzulu.

Sasa tazama ilivyoendelea. Chombo kilichofanywa kwa ajili ya wauaji wa Chilobwe hakikubaki Chilobwe. Mwaka 1983 mahakama ya jadi ya namna hiyohiyo iliwahukumu kifo Orton Chirwa, aliyekuwa mwanasheria mashuhuri na waziri wa zamani, pamoja na mkewe Vera Chirwa, naye mwanasheria, kwa kosa la uhaini. Mume na mke walishtakiwa pamoja, wote wawili wakili kwa taaluma, wakalazimika kujitetea wenyewe. Hukumu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Mzee Orton alifia gerezani Zomba mwaka 1992, na mama Vera akatoka Januari 1993. Binafsi naona hili ndilo jambo ambalo kila apigaye kelele za sheria kali isiyo na wakili angepaswa kulisoma mara mbili, kisha alale, kisha alisome tena asubuhi.

Sheria ya Malawi ya leo si legelege kama watu wanavyodhani. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha kanuni ya adhabu imetaja kifo au kifungo cha maisha kuwa ndicho kiwango cha juu. Kwa mauaji, hadi Aprili 2007 jaji hakuwa na hiari: akikuta mtu ana hatia, atamke kifo. Katika shauri la Kafantayeni, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo ni kinyume cha katiba, kwa kuwa aliyeua katika ugomvi wa pombe na aliyeua kwa kupanga hawawezi kupimwa kwa kibaba kimoja bila kusikilizwa. Tangu mwaka 2015 waliokuwa wamehukumiwa chini ya utaratibu ule wa zamani walirudishwa mahakamani mmoja mmoja kupimwa upya, na zaidi ya 100 wakaachiliwa. Mwaka 2021 mambo yalichanganyika kidogo: mwezi Aprili ilitangazwa kwamba Mahakama ya Rufaa imeifuta adhabu ya kifo kabisa, na mwezi Agosti majaji wakafafanua kwamba hayo yalikuwa maoni ya jaji mmoja, adhabu ingalipo. Hata hivyo, hakuna aliyenyongwa Malawi tangu mwaka 1992.

Mama yule wa Fizi alipoelezwa hayo alicheka, si kwa furaha. Alisema hiyo ni kama kumtishia mtoto kwa fimbo iliyowekwa darini ambayo baba hana ngazi ya kuifikia. Nadhani hapo alisema kweli kuliko wanasheria wengi. Adhabu iliyoandikwa na isiyotekelezwa haimtishi jambazi, na wakati huohuo inawadanganya raia wema kwamba kitu kimefanyika.

Kwetu Tanzania tulijaribu njia nyingine. Sheria ya adhabu za chini kabisa ya mwaka 1963 iliweka, pamoja na kifungo, viboko 24: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka, hivyo vya mwisho watu wakiviita vya kwenda kumwonyesha mkewe. (Sijapata kumwona mke aliyesema alifurahi kuonyeshwa.) Sheria hiyo ilifuatwa na nyingine ya mwaka 1972, na leo apatikanaye na hatia ya unyang'anyi wa kutumia silaha hupewa kifungo kisichopungua miaka 30. Mimi sioni miaka 30 kuwa mingi kwa mtu aliyeelekeza mtutu kwenye kichwa cha mtoto ili baba atoe pesa. Ningeitetea mbele ya mtu yeyote. Lakini muulize afisa wa upelelezi mwenye uzoefu, naye atakuambia kwamba jambazi hahesabu miaka. Anahesabu uwezekano wa kukamatwa. Akijua kwamba katika matukio kumi atakamatwa mara moja, hata hiyo 30 kwake ni bahati nasibu. Akijua kwamba bunduki yenyewe itamtaja, kwa namba yake, kwa ganda la risasi, kwa daftari la ghala lililotunzwa vyema, mkono utamtetemeka.

Na hapa nataka kusema na familia za askari, kwa kuwa ukurasa huu ni wao. Tumezoea kuzungumza habari ya udhibiti wa silaha kana kwamba ni habari ya watu wengine, majambazi na waasi wa porini. Lakini bunduki nyingi zilizo halali katika nchi zetu ziko chini ya dhamana ya mume wako, mama, au ya mwanao aliyejiunga majuzi. Kanuni ni silaha kurudishwa ghalani zamu inapokwisha na kutiwa saini. Hata hivyo kila mwenye kuishi katika nyumba za askari amepata kusikia habari ya bastola iliyofunikwa kwa kitambaa juu ya kabati, "kwa usiku mmoja tu," kwa kuwa afande amechelewa au ana safari ya alfajiri.

Usiku huo mmoja unatosha. Mtoto hujua ulipoficha kitu kabla wewe hujajua kwamba anajua. Ndivyo ijulikanavyo sukari, na ndivyo ijulikanavyo bastola. Basi ikiwa kwa amri halali silaha imelazimika kulala nyumbani, itolewe risasi kwanza, na chemba ichunguzwe kwa macho na kwa kidole, maana kuondoa magazini hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia. Risasi zifungiwe mahali pengine mbali na silaha, kila kimoja kwa kufuli lake, funguo zikae mwilini mwa mwenye dhamana, si nyuma ya saa ya ukutani. Mgeni asijue. Mtumishi asijue. Watoto waelezwe waziwazi, bila kutishwa kwa hadithi, kwamba wakiona kitu cha namna hiyo popote wasikiguse, wamwite mkubwa.

Na mke anayo haki ya kuuliza. Najua yapo majumba ambamo swali hilo huonekana ni kumdharau mume na kazi yake. Si dharau. Ugomvi wa mume na mke, ambao bila silaha ungeishia kwa mmoja kwenda kulala kwa wifi yake, ukiwa na silaha chumbani waweza kuishia kaburini, tena dakika ile ile. Zaidi ya hayo, kuna bunduki ambazo haziibwi bali hukodishwa: mwenye dhamana hutoa silaha jioni, ikafanya kazi usiku, ikarudi asubuhi imefutwa mafuta. Mke huona pesa ambazo mshahara hauwezi kuzieleza. Kwa askari wa namna hiyo mimi sitaki huruma hata kidogo; adhabu yake ingepaswa kumzidi yule jambazi aliyemkodishia, kwa sababu jambazi hakula kiapo.

Nisieleweke kwamba nawasema vibaya watu wa sare. Sisi na Wamalawi tumeunganishwa na damu ya askari. Tangu mwaka 2013 vikosi vya Tanzania, Malawi na Afrika Kusini vilitumwa Kongo Mashariki katika brigedi moja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Novemba 2018, karibu na Beni, askari Chancy Chitete wa Malawi alimwokoa Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania aliyekuwa amejeruhiwa, naye Chitete akapoteza maisha yake. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunukia nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, ambayo hutolewa kwa ujasiri wa pekee. Bunduki alizokabiliana nazo kule ni za ukoo mmoja na zile zilizomkimbiza mama wa Fizi mpaka Dowa. Zikiachwa zizagae Kivu, hazitabaki Kivu.

Serikali zetu zimelijua hilo siku nyingi. Agosti 2001 nchi za Kusini mwa Afrika zilitia saini itifaki ya udhibiti wa silaha ndogo ndogo, na ilitiwa saini Blantyre hapohapo Malawi. Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zikatia ya kwao Nairobi. Itifaki hizo zataka silaha zitiwe alama, madaftari yatunzwe, na silaha za ziada ziharibiwe. Umoja wa Afrika nao umeuteua mwezi Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa. Jirani zetu wa Msumbiji walitangulia: tangu 1995 Baraza la Makanisa liliwaambia watu walete bunduki wapewe cherehani, baiskeli au jembe. Vyuma vilikatwakatwa, na mafundi wa sanaa wakavifanya vinyago. Kimoja, kiti cha enzi kilichoundwa kwa vipande vya bunduki na msanii Kester mwaka 2001, kipo katika jumba la makumbusho la Uingereza, London. Mzee Mrundi alipenda habari ya cherehani. Alisema cherehani moja hulisha watu sita.

Mama hakuipinga, ila alirudi kwenye lake. Mwaka jana, alisimulia, binti wa jirani yake alishuhudia unyang'anyi wa silaha alipokuwa mjini kwa matibabu, akaitwa kutoa ushahidi. Mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa. Aliomba ruhusa akapata, akakopa nauli, akafika Lilongwe asubuhi, akaambiwa shauri limeahirishwa. Mara ya pili ruhusa ilichelewa. Mara ya tatu nauli haikupatikana. Mama hajui kesi ile iliishaje, lakini mmoja wa wale vijana walioshtakiwa ameonekana mtaani, naye binti ameacha kwenda mjini hata kwa dawa.

"Sasa niambie, baba," alisema akifunga kanga yake upya ili arejee kwenye sombe yake, "huyo jaji atamnyonga nani, ikiwa mimi siwezi kufika kumwambia niliyemwona?"